Jeppe: Barabara ya Johannesburg iliyofufuliwa na Wahabeshi

Madaktari walipofunga milango yao katikati ya Johannesburg na kuhamia vitongoji vya kaskazini, majengo waliyoyaacha hayakukaa matupu kwa muda mrefu. Wafanyabiashara kutoka Ethiopia waliingia, wakayagawa kwa mbao na makufuli, na kuanzisha soko linalowavuta wanunuzi kutoka nusu ya kusini ya bara la Afrika.

Msafiri anayeshuka basi katika kituo cha Park Station, akitokea Harare, Lusaka au Maputo, hahitaji kwenda mbali ili afike Jeppe. Akielekea kusini atavuka mitaa michache tu, na huenda pua yake ikatangulia kuifahamu barabara kabla ya macho. Ni harufu ya kahawa inayokaangwa. Wahabeshi huiita buna, neno ambalo Mswahili anayejua buni hahitaji kutafsiriwa. Juu ya maduka kuna vibao vya maandishi ya Kiamhari. Mlangoni zimetundikwa suruali, mablanketi na mapazia. Ndani ya kila jengo, ngazi hupanda kutoka sakafu moja ya maduka hadi nyingine.

Johannesburg ina desturi ya kuhesabu ufufuo wake kwa miradi iliyokatiwa utepe na viongozi. Daraja la Nelson Mandela, lililofunguliwa mwaka 2003, limo katika hesabu hiyo. Wakala wa maendeleo wa jiji, ulioundwa mwaka 2001, una orodha yake ya viwanja na mitaa iliyotengenezwa upya. Upande wa mashariki wa jiji, mtaa wa Maboneng ulisifiwa tangu mwaka 2009 kwa majumba yake ya sanaa na mikahawa, hadi kampuni iliyouendeleza ilipofilisika na majengo yake kupigwa mnada mwaka 2019. Kwa Jeppe hapakukatwa utepe wowote. Hakuna waziri wala meya anayeweza kudai kwamba soko lile lilitokana na mpango wake, na pengine hiyo ndiyo sababu historia yake imechelewa kuandikwa.

Barabara ya madaktari

Barabara hiyo ilipata jina kutokana na familia ya Jeppe, iliyojulikana katika biashara ya ardhi na siasa za Johannesburg tangu jiji lilipoanza baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1886. Katika karne ya 20, sehemu yake ya mashariki ikawa makao ya utabibu. Majengo kama Medical Arts na Lister yalijengwa kwa kazi hiyo: ghorofa nyingi zenye vyumba vidogo vya kuwaonea wagonjwa, kumbi za kungojea, korido ndefu na lifti. Tajiri wa vitongoji aliyehitaji bingwa wa moyo au wa meno alikuja Jeppe.

Mwafrika alikuja pia, lakini kwa mlango mwingine. Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950 iliugawa mji kwa rangi, na katikati ya jiji kukawa mali ya Wazungu. Mweusi aliruhusiwa kufagia korido, kubeba barua na kuendesha lifti, akiwa na pasi mfukoni, na jioni alitakiwa arejee Soweto au Alexandra. Kufungua duka katika barabara kama Jeppe lilikuwa jambo lisilofikirika. Sheria za pasi zilifutwa mwaka 1986, na ile ya kugawa maeneo ikafutwa mwaka 1991.

Kufikia wakati huo fedha zilikwisha anza kukimbia. Kampuni zilihamia kaskazini, hasa Sandton, zikifuata wateja wao na zikiukimbia mji ambao ulikuwa ukijaa Waafrika. Hoteli mashuhuri ya Carlton ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Soko la hisa lenyewe, lililozaliwa pamoja na machimbo ya dhahabu, lilihamia Sandton mwaka 2000. Madaktari nao walifuata hospitali za binafsi za vitongojini. Wenye majengo ya Jeppe walibaki na sakafu tupu, lifti zilizokwama na bili za jiji zisizolipika. Baadhi ya majengo ya jirani yalitelekezwa kabisa, na mengine yakavamiwa na magenge yaliyotoza kodi yasiyostahili.

Kutoka Hosanna hadi Park Station

Mnamo Mei 1991, utawala wa kijeshi wa Mengistu Haile Mariam ulianguka mjini Addis Ababa. Miaka 3 baadaye Afrika Kusini ilipiga kura yake ya kwanza ya watu wa rangi zote. Matukio hayo mawili, yaliyotenganishwa na maelfu ya kilomita, yalifungua njia moja. Vijana wa Ethiopia walianza kusafiri kuelekea kusini, kwanza wachache waliokimbia siasa, kisha wengi waliokimbia uhaba wa ardhi na kazi. Wengi wao walitoka kusini mwa nchi hiyo, katika maeneo ya Wahadiya na Wakambata, ambako mji wa Hosanna ni kitovu.

Njia yenyewe wasikilizaji wa Afrika Mashariki wanaifahamu, kwa kuwa hupita milangoni mwao. Huanzia Moyale, huteremka hadi Nairobi, huikata Tanzania, kisha huingia Malawi au Msumbiji. Ni njia ya madalali na malori yaliyofungwa turubai. Mnamo Juni 2012, miili ya Waethiopia zaidi ya 40 ilikutwa mkoani Dodoma baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Mnamo Machi 2020, katika jimbo la Tete nchini Msumbiji, maafisa walifungua kontena na kukuta maiti 64. Wote walikuwa wakielekea kusini. Bei ya duka la Jeppe, kwa hiyo, haianzi kuhesabiwa Johannesburg.

Waliofika walikutana na sheria ambayo, kwa kulinganisha na nchi nyingine za bara hili, ilikuwa na ukarimu. Sheria ya Wakimbizi ya Afrika Kusini ya mwaka 1998, iliyoanza kutumika mwaka 2000, haikuwaweka watu kambini. Aliyeomba hifadhi alipewa hati ya muda na kuachwa ajitafutie riziki. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Rufani iliamua kwamba kumzuia mwombaji hifadhi asiye na msaada wowote kufanya kazi kunagusa utu wake. Hata hivyo, hati ya muda haikumpa mtu ajira. Ajira zenyewe zilikuwa haba kwa raia, seuze kwa mgeni asiyejua Kizulu wala Kiingereza. Kilichobaki ni kuuza.

Duka lenye upana wa mlango

Utaratibu ulikuwa mwepesi, na haukuandikwa popote. Mgeni alipokelewa na ndugu au mtu wa kwao. Siku chache baadaye alikabidhiwa furushi la mablanketi, mashuka au mikanda kwa mali kauli, akaambiwa aende kwenye vitongoji vya Weusi, nyumba hadi nyumba. Mteja alichukua bidhaa leo na kulipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Mchuuzi alitembea, akauza, akarudisha deni la furushi, akachukua jingine. Akishapata mtaji alifungua kiduka kitongojini. Aliyefanikiwa zaidi alirudi katikati ya jiji kuwa muuzaji wa jumla, na sasa yeye ndiye aliyewakabidhi wageni mafurushi.

Jeppe ikawa ghala la mtandao huo. Barabara iko karibu na vituo vya teksi na mabasi, na majengo yake yalikuwa yakimtafuta mpangaji yeyote. Na hapa ndipo bahati ilipokutana na akili. Jengo la ofisi za kawaida lina kumbi pana ambazo mfanyabiashara mdogo hawezi kuzilipia. Jengo la madaktari lina vyumba vidogo, korido na lifti, yaani tayari lina umbo la soko. Chumba cha kuonea mgonjwa kikawa duka. Kisha chumba hicho kikagawanywa kwa mbao kuwa maduka mawili, au matatu. Ukumbi wa kungojea ukagawanywa pia, na mwishowe hata nafasi chini ya ngazi ikapata mpangaji. Yako maduka ambayo upana wake hauzidi mlango wenyewe, na muuzaji husimama nje kwa kuwa bidhaa zimejaa ndani.

Hesabu ya mwenye jengo ilibadilika. Sakafu iliyokosa daktari mmoja wa kuipanga ilipata wapangaji wengi, kila mmoja akilipa kodi ndogo kwa macho yake lakini kubwa kwa kila mita ya mraba. Juu ya kodi kulikuwa na kilemba, malipo ya mkupuo ya kuingilia, ambayo mfanyabiashara wa Kariakoo au wa Mombasa hahitaji kuelezwa. Majengo yaliyokuwa yakielekea kuvamiwa yalipata walinzi, mafundi wa umeme na watu wa kuyafagia.

Mtaji ulitoka wapi? Benki hazikuwa na hamu ya kumkopesha mtu mwenye hati ya miezi michache. Wahabeshi walitumia ekub, ambayo si kingine ila upatu: kundi la watu wanaoaminiana huchanga kila wiki au kila mwezi, na kila mmoja hupokea kapu zima kwa zamu. Kapu moja huweza kulipa kilemba, jingine kontena kutoka China. Kadiri miaka ilivyokwenda, waagizaji wakubwa wa Jeppe walianza kusafiri wenyewe hadi Guangzhou na Yiwu, na mizigo yao ikawa inaingia kupitia bandari ya Durban. Anayevunja ekub hapelekwi mahakamani. Hupoteza jina lake, Jeppe na Hosanna kwa pamoja.

Tanya Zack, mtaalamu wa mipango miji ambaye amelichunguza eneo hilo kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba Jeppe haiwezi kueleweka kwa kuwatazama Waethiopia peke yao. Mnunuzi ni sehemu ya mtambo. Wanawake kutoka Zimbabwe, Zambia, Msumbiji, Botswana na Malawi hufika kwa mabasi ya usiku, hununua kwa haraka, hufunga mizigo kwa plastiki na kamba, na jioni huwa njiani kurejea mpakani. Nyuma yao kuna wapagazi, wafungaji mizigo, wapishi na wachuuzi wa kandokando ya barabara, ambao wengi ni raia wa Afrika Kusini. Wachuuzi hao hununua juu ghorofani na kuuza chini mtaani.

Isidhaniwe kwamba ni pepo. Mbao zilizogawa vyumba mara nyingi ziliziba njia za kutokea moto ukizuka. Wachapa kazi wa madukani, wengi wao vijana waliofika kwa deni, hufanya saa nyingi kwa malipo madogo. Bidhaa za bandia zenye majina ya makampuni mashuhuri zimeuzwa kwa wingi, na serikali imelalamikia kodi isiyolipwa. Malalamiko hayo yana ukweli. Lakini yalitolewa na jiji ambalo kwa miaka mingi lilishindwa hata kuzoa taka katika barabara hiyo.

Soko lililobomolewa, na fagio la mwaka 2013

Johannesburg ilikwisha wahi kuwa na barabara ya biashara iliyojengwa na watu wasiotakiwa, na iliibomoa. Mtaa wa 14 huko Pageview, ambako wenyeji hupaita Fietas, ulikuwa na maduka ya Wahindi yaliyowavuta wanunuzi wa rangi zote kwa vitambaa na bei nafuu. Katika miaka ya 1970, serikali ya ubaguzi iliwaondoa wenye maduka na wakazi, ikavunja nyumba, na kuwaelekeza wafanyabiashara kwenye jengo jipya la Oriental Plaza katika mtaa wa Fordsburg. Waliopata nafasi walikuta kodi kubwa zaidi, na wengine hawakupata tena kusimama. Mpango ulikuwa mzuri kwenye ramani. Mtaa uliovunjwa haukurudi.

Kumbukumbu hiyo haikuuzuia utawala wa kidemokrasia kushika fagio. Mnamo Oktoba 2013, chini ya meya Bw. Parks Tau, jiji lilianzisha Operesheni Clean Sweep. Maelfu ya wachuuzi waliondolewa katika mitaa ya katikati ya jiji, wenye vibali na wasio navyo, na bidhaa za wengi wao zikachukuliwa. Ulikuwa msimu wa kuelekea Krismasi, wakati ambapo mchuuzi hupata fedha ya ada za shule. Maduka ya ghorofani yaliwapoteza wateja wao wa kila siku, kwani mtaa na ghorofa vilikuwa biashara moja.

Mashirika ya wachuuzi, yakiongozwa na jukwaa la kitaifa la wafanyabiashara wadogo, yalikwenda mahakamani. Mahakama ya kwanza iliona kwamba jambo hilo halikuwa la dharura. Yakapanda hadi Mahakama ya Katiba, ambayo ilisikiliza kesi tarehe 5 Desemba 2013 na siku hiyohiyo ikaamuru wachuuzi walioomba waruhusiwe kurejea mahali pao. Usiku wa siku hiyo Nelson Mandela alifariki dunia, na dunia ikageuza macho. Hukumu ambayo pengine ingetawala magazeti ikapita kimyakimya. Sababu za uamuzi zilitolewa Aprili 2014, zikiandikwa na Kaimu Jaji Mkuu Dikgang Moseneke, naye hakuficha ukali wake dhidi ya namna jiji lilivyowatendea watu waliokuwa wakitafuta chakula cha watoto wao.

Septemba ya mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Rufani iliamua shauri jingine, lililotokea jimbo la Limpopo, ambako polisi walikuwa wakifunga maduka ya wakimbizi. Majaji walisema kwamba wakimbizi na waombaji hifadhi wana haki ya kuomba leseni za biashara na kufanya biashara. Kwa Jeppe, hukumu hizo mbili zilikuwa na uzito kuliko mradi wowote wa kupamba mitaa. Kwa mara ya kwanza sheria ilitamka kile ambacho barabara ilikwisha kukifanya kwa miaka 15.

Eastleigh, ndugu wa Jeppe

Msikilizaji wa Nairobi atakuwa ameshaitambua hadithi hii. Eastleigh ilikuwa makazi ya watu wa tabaka la kati, Waasia wengi miongoni mwao, kabla ya vita vya Somalia vya mwaka 1991 kuwaleta wakimbizi. Nyumba ya kulala wageni iliyoitwa Garissa Lodge ilianza kutumika vivyo hivyo: vyumba vya kulala vikawa maduka, na kutoka hapo mtaa mzima ukageuka soko la jumla la Afrika Mashariki na Kati. Barabara zake zilibaki na matope na maji machafu kwa miaka mingi huku biashara ikishamiri. Na Aprili 2014, miezi michache tu baada ya Clean Sweep, polisi wa Kenya waliuvamia mtaa huo katika Operesheni Usalama Watch, wakawakamata maelfu ya watu na kuwazuilia wengi wao katika uwanja wa Kasarani. Serikali ya Kenya ilitaja ugaidi, jiji la Johannesburg lilitaja usafi. Katika miji yote miwili aliyeufufua mtaa alitakiwa kwanza athibitishe kwamba ana haki ya kuwapo.

Jeppe ilikuwa na hofu ya pili, ambayo Eastleigh haikuijua kwa kiwango hicho: jirani. Mnamo Mei 2008, ghasia dhidi ya wageni zilianzia Alexandra na kuua watu 62 nchini. Zilirudi mwaka 2015, na tena Septemba 2019. Mwezi mmoja kabla ya ghasia hizo za mwisho, tarehe 1 Agosti 2019, polisi waliokwenda kukamata bidhaa bandia katikati ya jiji walipigwa mawe na kulazimika kurudi nyuma. Picha zilienea nchi nzima. Wiki haikwisha polisi wakarudi kwa nguvu na kuwakamata zaidi ya watu 600 waliodaiwa kuwa nchini kinyume cha sheria. Kwa wenye maduka waliokuwa na hati, jambo baya zaidi halikuwa hasara ya siku ile bali ni kwamba, kuanzia hapo, mtaa wao ulizungumzwa bungeni na redioni kama ngome ya wahalifu.

Jina jipya, shimo la zamani

Mwaka 2014 jiji liliyabadili majina ya barabara kadhaa kuwaenzi viongozi wa maandamano ya wanawake 20,000 waliokwenda Pretoria tarehe 9 Agosti 1956 kupinga pasi. Bree ikawa Lilian Ngoyi, President ikawa Helen Joseph, Noord ikawa Sophie de Bruyn, na Jeppe ikawa Rahima Moosa, mwanamke wa asili ya Kihindi aliyetumikia vyama vya wafanyakazi. Ni jina linaloifaa barabara inayoishi kwa hofu ya hati. Lakini mazoea ni mazito. Wauzaji na wanunuzi bado husema Jeppe, na huko Hosanna, watu ambao hawajapata kuiona Afrika Kusini hulitaja jina hilo kana kwamba ni la mji kamili.

Karantini ya UVIKO-19, iliyoanza Machi 2020, ilifunga mipaka na kuwakatia wenye maduka wateja wao wa mabasi. Walipoanza kurejea, lilikuwa ni jiji lenyewe lililokuwa likichakaa. Jioni ya tarehe 19 Julai 2023, gesi iliyokusanyika chini ya ardhi ililipuka katika barabara ya Lilian Ngoyi, mtaa mmoja tu kutoka Jeppe. Lami ilipasuka kwa mamia ya mita, teksi zikapinduka, mtu mmoja akafa na makumi wakajeruhiwa. Ukarabati ulisuasua kwa muda mrefu, na wachuuzi wakapanga meza zao kandokando ya uzio wa shimo.

Mnamo Novemba 2025, viongozi wa kundi la G20 walikutana Johannesburg, na wiki chache kabla ya kuwasili kwao jiji lilikuwa limewaondoa tena wachuuzi katika mitaa ya jirani na Park Station, likitaka waandikishwe na kuhakikiwa upya. Mashirika yao yalichukua majalada yale ya mwaka 2013 na kurudi mahakamani.